Kuganga, Kutibu, Kuponya: Maneno Yetu Mbele ya Ugonjwa Sugu

Methali isemayo "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" husikika mara nyingi penye usuluhishi. Ndugu waliokosana hupatanishwa kwayo, na wanasiasa walioshindwa uchaguzi huitaja ili wasiulizwe maswali. Kwa kuwa tumeizoea, ni wachache wanaosita kwenye maneno mawili yanayoibeba: ndwele, yaani ugonjwa, na kuganga, yaani kutibu. Wahenga walipotaka kuzungumzia ugomvi na maridhiano, waliazima msamiati wa mgonjwa na mganga wake.

Makala haya yanaufuata msamiati huo katika safari yake: ulikotoka, ulichokutana nacho pwani, ulivyofikishwa mbele ya sheria ya kikoloni, na ulivyoingia katika sheria za nchi huru. Sikusudii kutoa ushauri wa dawa. Ninakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi kadhaa ambavyo tumezoea kuvitumia kana kwamba ni kimoja: kuganga, kutibu, kuuguza, kutuliza, kuponya. Kila kimoja kina ahadi yake. Kwa mtu mwenye homa ya siku tatu, tofauti ya ahadi hizo ni ndogo. Kwa mtu mwenye kisukari, pumu, shinikizo la damu au virusi vya Ukimwi, ambaye ataishi na hali yake kwa miaka mingi, tofauti hiyo yaweza kuwa uhai wenyewe.

Ndwele na mganga

Ndwele leo ni neno la washairi na la wapenda methali. Katika mazungumzo ya kila siku nafasi yake imechukuliwa na ugonjwa, na pia na maradhi, neno lenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo ndugu zake wangali hai. Kiganda kina obulwadde kwa ugonjwa na omulwadde kwa mgonjwa. Kinyarwanda kina indwara. Katika Kiswahili cha zamani mgonjwa mwenyewe aliitwa mwele, na neno hilo bado linafaa mahali ambapo mizani ya mshororo hairuhusu silabi tatu za "mgonjwa".

Neno mganga lina ukoo mpana zaidi. Wakongo husema nganga, Washona n'anga, Wazulu inyanga. Wanaisimu hulihesabu kuwa miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya lugha za Kibantu, maana yake wazungumzaji wa lugha hizo walilibeba walipotawanyika kutoka magharibi kuelekea mashariki na kusini mwa bara. Walihama na mbegu, na ufinyanzi, na jina la mtu anayewahudumia wagonjwa.

Tukitazama neno hili lilivyo leo, tunakuta jambo la kushangaza. Nchini Rwanda na Burundi, umuganga ni daktari wa hospitali, mwenye koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, mtu akisema anakwenda kwa munganga, hamaanishi mtu wa hirizi, anamaanisha daktari. Kilingala nacho kina monganga kwa maana iyo hiyo. Nchini Kenya, kinyume chake, kumwita daktari mganga ni karibu na kumtukana. Neno ni moja, heshima ni mbalimbali, na tofauti hiyo ina historia tutakayoifikia.

Kabla ya hapo tukitazame kitenzi chenyewe. Kamusi za zamani hukipa kuganga maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika au kilichochanika, pamoja na maana ya kutibu. Aliyegangwa hakufanywa mtu mpya. Sehemu zake zilizoachana zimeshikanishwa ili aendelee na kazi. Maana hiyo imebaki wazi katika msemo wa kuganga njaa. Mtu anayeganga njaa hajaiondoa njaa duniani wala nyumbani kwake. Ameituliza kwa leo, na kesho ataiganga tena. Tukiushika msemo huo vizuri tutaona kwamba lugha ilikuwa na neno la matibabu ya kila siku yasiyo na mwisho muda mrefu kabla ya kliniki za kisukari.

Balghamu, safura na baridi yabisi

Pwani, mganga alikutana na tabibu. Maneno tiba, tabibu, dawa, maradhi, afya na shifaa yote yalikuja kwa Kiarabu, nayo hayakuja matupu. Yalikuja na elimu nzima, ambayo Waarabu waliipokea kutoka kwa Wayunani. Katika karne ya 9 watafsiri wa Baghdad, mashuhuri wao akiwa Hunayn ibn Ishaq, walivigeuza vitabu vya Galen kuwa Kiarabu. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaipanga elimu hiyo katika kitabu chake cha al-Qanun kilichosomwa kwa karne nyingi, Mashariki na Ulaya.

Msingi wa elimu hiyo ni kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Afya ni kulingana kwa hayo manne. Ugonjwa ni moja kuzidi au kupungua. Tena kila kitu, kuanzia chakula hadi hali ya hewa, kina tabia ya moto au baridi, na ya unyevu au ukavu.

Msomaji asidhani kwamba nadharia hii ilibaki vitabuni. Imo vinywani mwetu. Damu tunaitumia kila siku. Balghamu, lile kohozi zito la kifuani, ni neno la Kiarabu ambalo nalo lilitoka katika Kiyunani. Safura, ambayo kwetu ni jina la ugonjwa wa minyoo unaomaliza damu na kumfanya mtu apauke, ni jina la ile nyongo ya manjano. Jina la nyongo nyeusi linatokana na sauda, "nyeusi", na neno hilo tunalisikia tukinunua habasoda, mbegu nyeusi ambayo watu wa pwani huitumia kwa kifua, kwa presha na kwa sukari. Na mzee anayelalamika kwamba magoti yanamuuma kwa baridi yabisi anatamka maneno mawili ya Galen katika umbo la Kiarabu: baridi na kavu. Jina la ugonjwa ni maelezo ya chanzo chake kwa mujibu wa tabibu wa zama hizo.

Kulikuwa pia na kuumika, yaani kutoa damu kwa pembe iliyobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa. Siku hizi huduma hiyo imerudi mijini kwa jina la hijama, na wagonjwa wa presha na maumivu ya mgongo ni miongoni mwa wateja wake. Pembe ya kuumikia iliitwa chuku. Wanafunzi wa fasihi wanaokariri kwamba chuku ni tamathali ya kutia chumvi kupita kiasi huenda hawajaambiwa kwamba neno hilo lilikuwa kifaa cha mganga kabla ya kuwa istilahi ya mhakiki. Aliyepiga chuku alifyonza damu. Mpiga chuku wa maneno naye hulivuta jambo mpaka livimbe.

Chuku imo hata katika majina ya dawa. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuenea pwani yetu mpaka ukaonekana mwenyeji, umepewa jina la idadi: unatibu magonjwa arobaini. Hakuna aliyeyaorodhesha yote arobaini, na hakuna aliyetakiwa kufanya hivyo. Ni sifa iliyotolewa kwa namna ambayo mtu husifu jahazi au mpenzi. Leo magazeti huandika "mwarobaini wa foleni" au "mwarobaini wa mgawo wa umeme", na kila msomaji anaelewa kwamba hapo pana sitiari. Shida huanza pale ambapo sitiari ya namna hiyo inasomwa kama cheti cha dawa.

Pembeni mwa mitishamba na pembe kulikuwa na kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Neno hili tuliweke akiba, kwa kuwa udogishi wake utatokea baadaye.

Mganga mbele ya hakimu

Utawala wa Ulaya ulileta neno daktari, ukaleta pia shaka juu ya mganga. Shaka hiyo ilikuwa na sababu za kisiasa. Mwaka 1905, huko Ngarambe kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale aligawa maji aliyosema yatawakinga watu dhidi ya risasi za Wajerumani. Wajerumani walimnyonga Agosti mwaka huohuo, lakini vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907. Ebrahim Hussein alimrudisha jukwaani katika tamthilia ya Kinjikitile ya mwaka 1969, na humo swali la uwezo wa dawa limefungamana na swali la imani ya umma. Kwa mtawala, funzo lilikuwa jepesi zaidi: mtu mwenye dawa na wafuasi ni wa kuogopwa.

Waingereza nao walitunga sheria za kupiga marufuku uchawi, nchini Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Sheria hizo zilielekezwa kwa mchawi na vifaa vyake, lakini Kiingereza cha watawala kilikuwa na jina moja la kudharau lililomuunganisha mchawi na tabibu kuwa mtu mmoja. Kwa Mswahili, mchawi na mganga ni mahasimu: mmoja anadhuru, mwingine anazuia dhara. Ni kweli kwamba watu waliwahi kumshuku mganga fulani kuwa anafanya yote mawili, lakini hata shutuma hiyo ilihitaji maneno mawili. Penye jina moja, mwanamke aliyejua mizizi ya kutuliza pumu na mtu aliyeuza hofu kwa jirani zake walisimama chini ya kivuli kimoja.

Matokeo yake yalikuwa usiri. Mwenye ujuzi alijifunza kutoutangaza; mgonjwa alijifunza kutomwambia daktari alikotoka. Tabia hiyo ya mgonjwa ingalipo. Anayekunywa mchemsho wa mizizi huku anameza vidonge vya presha mara nyingi huuficha mchemsho mbele ya mhudumu wa hospitali, kwa kuchelea kukaripiwa. Daktari asiyeambiwa hawezi kujua kama vitu hivyo viwili vinagongana ndani ya figo au ini la mtu mmoja. Methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua inaweza kupanuliwa: hata mficha dawa.

Lugha nayo ilienda njia zake. Tanganyika ilipojitawala na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya serikali, cheo cha juu kabisa cha kitabibu serikalini kiliitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na mikoa na wilaya zikawa na waganga wakuu wake. Tabibu naye akapewa ngazi yake katika utumishi wa afya. Mtu wa mitishamba akaongezewa maneno ili atofautishwe: mganga wa kienyeji, kisha mganga wa jadi, kisha mganga wa tiba asili. Kenya, ambako Kiingereza kilibaki lugha ya ofisi, mganga hakupata cheo cha kumlinda. Ndiyo maana neno lililo kwenye barua rasmi Dodoma linachekesha likitajwa kwa daktari Nairobi.

Asili na mbadala

Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili huko Muhimbili, Dar es Salaam, ambacho baadaye kilikua na kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 1978 mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi uliwataja waganga wa jadi kuwa watu wanaoweza kushirikishwa katika huduma. Mwaka 2002 Bunge la Tanzania likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kuwasajili na kuwasimamia watoa tiba hizo. Aliyewahi kusimama mbele ya hakimu sasa aliweza kusimama mbele ya msajili.

Mpenzi wa lugha hana budi kulitazama jina la sheria hiyo. Tiba asili ni ile iliyozaliwa na jamii zetu. Tiba mbadala ni ile iliyokuja kutoka kwingine nje ya hospitali: sindano za Kichina, dawa za Kihindi, homeopathi na nyinginezo. Kiutawala mgawanyo huo unaeleweka. Kimsamiati, neno mbadala lina uzito wake lenyewe. Barabara ikifungwa tunapewa njia mbadala. Tukiipita hiyo, ile ya kwanza tumeiacha. Nishati mbadala inakusudiwa kuchukua nafasi ya kuni na mkaa. Mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine. Mgonjwa anayeambiwa kwamba mbele yake pana tiba mbadala ameshapewa kisarufi wazo la kuchagua moja na kuacha nyingine.

Lakini wagonjwa wengi wa muda mrefu hawafanyi hivyo. Hutumia vyote: kidonge asubuhi, habasoda jioni, dua usiku. Kwa desturi hiyo neno la kufaa zaidi lingekuwa tiba saidizi au tiba jalizi, inayoongeza pasipo kuondoa. Maneno hayo yapo, ila hayajapata sheria wala mabango ya kuyabeba. Mabango yamejaa mbadala, na chini yake orodha: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, kurudisha mpenzi.

Wala mpaka wa asili na hospitali si ukuta kama unavyochorwa. Metformin, mojawapo ya dawa zinazotumika zaidi duniani kwa kisukari cha ukubwani, historia yake inaanzia kwenye mmea uitwao Galega officinalis uliotumiwa na waganga wa Ulaya ya kale. Mwaka 1918 ilionekana kwamba kemikali ya guanidini, ambayo aina zake zimo katika mmea huo, hushusha sukari kwenye damu. Metformin yenyewe ikatengenezwa mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Kati ya jani na kidonge pana miongo ya kupima: kiasi gani kinasaidia, kiasi gani ni sumu, nani asipewe. Mshairi ataielewa kazi hiyo kwa urahisi, kwani naye hujua kwamba maneno mazuri yasiyo na mizani hayajawa shairi.

Kikombe cha Samunge

Mwaka 2011 msamiati huu wote ulikusanyika mahali pamoja. Katika kijiji cha Samunge, upande wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya magonjwa sugu. Alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga, wa jamii ya Carissa, akawapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa ni yale yaliyowachosha watu: Ukimwi, saratani, kisukari, presha, pumu. Masharti yalikuwa machache: kikombe ni kimoja, kinanyweka hapohapo, na mkono unaokitoa ni wa Babu mwenyewe.

Watu walikwenda. Machi mwaka huo foleni ya magari ilinyooka kilomita nyingi katika nyika isiyo na maji ya kutosha wala vyoo. Walitoka kila mkoa, walivuka mipaka kutoka Kenya na kwingineko, na miongoni mwao walikuwamo viongozi na matajiri. Wagonjwa walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na baadhi yao wakafariki njiani au kwenye foleni. Wingi ulipozidi, ilibidi watu waombwe kusitisha safari ili waliokwisha kufika wahudumiwe kwanza. Mikoani vikaibuka vikombe vingine, vya vijana kwa wazee, kila mmoja na ndoto yake.

Lugha ilipokea mambo hayo kwa kasi. "Kupata kikombe" likawa tendo kamili lisilohitaji maelezo. Babu likawa jina la mtu mmoja nchi nzima. Nacho kikombe ni udogishi wa kombe, lile tulilowekea akiba: chombo ambacho pwani mtu hunywea maneno matakatifu. Sidai kwamba mchungaji wa Kilutheri aliazima desturi ya masheikh. Nasema tu kwamba wasikilizaji wa Kiswahili hawakuwa wageni wa wazo la kinywaji chenye baraka, wala neno dawa halikuwahi kuwabana. Kwetu dawa ni chochote chenye kuleta badiliko: kuna dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya meno, na dawa ya moto ni moto. Neno pana namna hiyo halimtaki mtu athibitishe.

Watafiti wa serikali waliuchunguza mchemsho na taarifa ikatoka kwamba hauna sumu. Hapo maneno mawili yalichanganywa. Salama maana yake haudhuru. Haimaanishi kwamba unaponya. Lakini watu wengi walisikia "imepimwa, imekubalika". Kisha likaja kosa la kitenzi ambalo gharama yake ilikuwa kubwa kuliko nauli. Mtu aliyekwenda akitarajia kutibiwa angerudi nyumbani na kuendelea na vidonge vyake. Mtu aliyeambiwa kwamba amepona hana sababu ya kuendelea. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, ambazo zilikuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Wapo walioacha dawa za sukari na presha. Wahudumu wa afya walisihi kwamba anayekunywa kikombe asiache dozi yake. Kwa mtu anayeishi kwa insulini, ambayo kabla ya kugunduliwa huko Toronto mwaka 1921 watoto wenye kisukari hawakuwa na tumaini, kuiacha kwa siku chache kunatosha kumpeleka kaburini.

Foleni ilipungua miezi iliyofuata, kimya kimya, kwa kuwa waliokunywa waliendelea kuugua. Mwasapila aliishi Samunge hadi alipofariki Julai 2021. Ni rahisi kuwacheka waliokwenda, na wapo waliowacheka. Sioni sababu. Aliyeishi na maumivu miaka kumi, anayepanga foleni kila mwezi kwa dawa ambayo hajawahi kuelezwa itaisha lini, alisikia kwa mara ya kwanza mtu akimwambia kwa lugha yake, akimwangalia usoni, kwamba haya yana mwisho. Hospitali haikumpa kauli yoyote ya kulingana na hiyo. Ilimpa karatasi.

Sugu, nafuu, ugua pole

Ni kauli gani basi ingefaa? Naamini lugha inayo, nayo imo katika maneno tuliyoyaacha yakauke.

Tuanze na sugu. Kabla ya kuwa sifa ya ugonjwa, sugu ni ile ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: kiganja cha mkulima, bega la mchukuzi. Sugu haitoki kwa siku moja, kama ambavyo haikuja kwa siku moja. Mtu huishi nayo, huilainisha, huangalia isipasuke, na hubadilisha namna ya kushika jembe. Aliyeuita ugonjwa wa muda mrefu kuwa sugu alitupa maelezo ya namna ya kuutunza.

Kisha kuna nafuu, yenye asili ya Kiarabu katika maana ya manufaa. Mgonjwa aliyepata nafuu hajapona, wala haongopi akisema hajambo. Watu wa pwani waliongeza ashekali kwa yule ambaye hali yake imepanda kidogo kuliko jana. Haya ni maneno ya vipimo vidogo, na ugonjwa sugu hupimwa kwa vidogo: sukari ya asubuhi hii, pumzi ya usiku huu. Kuna kuuguza, ambacho kimempa jina muuguzi, na ambacho maana yake ni kukaa na mtu katika kuugua kwake. Kuna kutuliza. Na kuna kuganga, kitenzi cha kale, chenye unyenyekevu wa mtu anayefunga kamba ya chombo akijua kwamba safari ijayo ataifunga tena.

Kuponya nako kupo, na kunastahili kubaki pale panapostahili: malaria huponywa, kichomi huponywa. Kulisogeza neno hilo hadi kwenye kisukari au virusi vya Ukimwi kwa ujuzi tulio nao leo ni kupiga chuku, nayo chuku hii inafyonza damu ya kweli. Kosa hilo si la waganga wa asili pekee. Matangazo ya vidonge vya lishe vyenye nembo za kigeni huahidi vivyo hivyo, kwa Kiswahili fasaha na bei isiyo nafuu.

Jambo moja zaidi. Tukimwaga mgonjwa, hatumwambii "upone" pekee. Tunamwambia "ugua pole". Mgeni anayejifunza lugha hushangaa: mbona mnamwamuru augue? Lakini ndivyo ilivyo, na kauli hiyo inamfaa mwenye ugonjwa wa miaka ishirini kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Inakubali kwamba kuugua kutaendelea, na inamtakia kuendelea huko kuwe taratibu, kusimuumize kupita kiasi. Daktari anayeeleza kwa dakika mbili kwamba kidonge hiki ni cha kuganga na hakina ahadi ya kuponya, na mganga anayesema "mzizi huu utakutuliza, ya hospitali usiache", wote wawili wanazungumza ndani ya maana ya kauli hiyo.

Kazi ya waandishi na washairi ni ndogo lakini haikwepeki. Istilahi za afya zinatungwa kila mwaka, na nyingi hutungwa na watu wenye haraka. Wasomaji wa ukurasa huu mnatoka Lamu, Pemba, Tabora, Bukavu na Maskati, na kila mahali pana majina ya magonjwa ya muda mrefu, ya hatua za nafuu, na ya watu wanaowauguza wenzao. Yaandikeni mtuletee, pamoja na sentensi mlimoyasikia, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.